Mguu umevunjika, pombe imekatika: kinachotokea wodini siku ya tatu

Analetwa Jumamosi usiku, dereva wa bodaboda wa miaka arobaini na kitu, paja limevunjika. Ananuka pombe. Anawatania manesi, anawaomba wasimkate suruali maana ameinunua juzi tu. Jumapili anapigwa picha, mguu unawekewa uzito wa kilo 7 wa kuuvuta, anapangiwa upasuaji Jumatano. Jumatatu asubuhi kikombe cha uji kinamtetemeka mkononi mpaka uji unamwagikia shuka. Anasema ni baridi, na huku shingo yote imelowa jasho.

Jumanne usiku ndipo mambo yanapoharibika. Anaanza kuchuma kitu kisichoonekana juu ya shuka, kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama anayetoa nyuzi kwenye nguo. Anamwita mke wake ambaye yuko nyumbani. Ukutani anaona sisimizi wanapanda kwa mstari, anawahesabu. Kufika saa tisa usiku anajaribu kushuka kitandani na ule uzito wake mguuni.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani anasema ni mapepo. Ndugu anasema alijua tangu mwanzo, ajali ile haikuwa ya bure. Nesi wa zamu, peke yake na wagonjwa zaidi ya thelathini, anasema malaria imempanda kichwani. Bandeji zinaletwa, anafungwa mikono kwenye chuma za kitanda. Najua habari hii kwa sababu nilikuwepo, nikimuuguza ndugu yangu kitanda cha pili, na mkono wa kushoto wa yule bwana niliushika mimi wakati anafungwa. Mimi pia niliamini ni malaria. Kati yetu sote hakuna aliyeuliza swali fupi kuliko yote: huyu mtu mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini?

Hapa kuna vitu vitatu ambavyo kwetu tunavitupia kapu moja la "ulevi". Kuna aliyelewa siku ya ajali: harusi, sikukuu, mechi, kanywa kuliko kawaida yake, kaanguka. Huyu pombe ikimtoka kichwani, imekwisha. Kuna anayekunywa kwa namna ya hatari, kila wikiendi mpaka anazima, ila katikati ya wiki yuko kazini bila shida. Halafu kuna tegemezi, ambaye mwili wake umeshajipanga upya kuishi na pombe, na pombe ikikosekana mwili wenyewe unaasi. Wote watatu wanaweza kuingia mapokezi usiku mmoja wakinuka sawasawa, na tegemezi anaweza pia kuingia hanuki kabisa, kwa sababu amezungushwa zahanati mbili kabla ya kufika hospitali kubwa. Kwa hiyo harufu inakueleza habari za saa chache zilizopita. Miaka kumi iliyopita haiwezi kukueleza.

Tena kuna dalili ambayo watu huisoma kinyume. Mtu akipimwa damu ikaonekana ana pombe ya kumlaza mtu mwingine, naye amekaa anaongea vizuri, anataja namba ya simu ya mkewe kwa kichwa, watu husema "huyu yuko sawa, pombe haijamkolea." Daktari anayelijua jambo hili hushtuka. Kuzoea kiasi hicho hakuji kwa wikiendi moja. Mgonjwa wa aina hiyo anaweza kuanza kutetemeka hata kabla pombe haijaisha mwilini, maana mwili wake unahesabu ilivyoshuka kutoka kwenye kiwango ulichokizoea, hausubiri iishe.

Kinachofanyika kichwani kinafanana na mchezo wa kuvuta kamba. Ubongo una kemikali za kutuliza, kubwa yao inaitwa GABA, na za kuchangamsha, hasa glutameti. Pombe inakuja kuvuta upande wa kutuliza. Ukinywa leo, upande huo unashinda: aibu inapungua, viungo vinalegea, unalala. Ukinywa kila siku kwa miaka, ubongo haukubali kuburutwa. Unaongeza wavutaji upande wa pili na kupunguza wa upande wa kwanza, mpaka kamba inarudi katikati. Ndiyo maana yupo fundi anayekunywa asubuhi kiasi cha kuwalaza wawili, kisha anapanda ngazi kupaua nyumba. Sasa ajali inatokea, mtu analazwa, na pombe inaachia kamba ghafla bila kuaga. Wa upande wa pili bado wamekaza.

Kwa kawaida mtetemeko, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu na wasiwasi huanza kati ya masaa 6 na 24 tangu kinywaji cha mwisho. Degedege, kama litakuja, huja mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza. Kuweweseka kwenyewe, kule kuona sisimizi na kuchuma hewa, huanza kati ya siku ya pili na ya nne. Ukihesabu kuanzia Jumamosi jioni, Jumanne usiku ya yule bwana haikuwa ya ajabu hata kidogo. Ilikuwa kwenye ratiba.

Vijana wa mtaani wana neno la hali hii, arosto, na wengi wanalihusisha na heroini. Cha kushangaza ni kwamba arosto ya heroini, kwa mateso yake yote, ni nadra kumuua mtu mzima ambaye hana ugonjwa mwingine. Ya pombe inaua. Akitibiwa vizuri hatari ya kufa inashuka chini ya watu 5 kwa 100, lakini kutibiwa vizuri kunaanza na mtu kujua anatibu nini.

Na hapo pana ugumu wa kweli, maana si haki kuwalaumu manesi tu. Mtu aliyevunjika paja akichanganyikiwa siku ya tatu ana sababu nyingi za kuchanganyikiwa. Mafuta ya ndani ya mfupa yanaweza kuingia kwenye damu na kuziba mishipa midogo ya mapafu na ubongo. Hilo nalo hutokea siku ya kwanza mpaka ya tatu, na nalo huleta kuchanganyikiwa, pamoja na kupumua kwa shida na wakati mwingine vipele vidogo vyekundu kifuani au kwapani. Damu inaweza kuwa inavuja polepole ndani ya fuvu, na wanywaji wa muda mrefu wako karibu zaidi na hatari hiyo kwa sababu ini lao limechoka na damu haigandi upesi. Sukari inaweza kuwa imeshuka. Kidonda kinaweza kuwa kimeingiwa na wadudu. Na malaria kweli ipo.

Kwa hiyo kosa linaweza kwenda pande zote mbili. Wengine hufungwa kamba kama wenye mapepo ilhali wanahitaji dawa ya pombe. Wengine huachwa walale "mpaka pombe imtoke" ilhali kichwani damu inajaa. Kosa hili la pili ndilo linaloniogopesha zaidi, kwa sababu linafanyika kimya. Mlevi aliyelala na mtu anayezimika kwa jeraha la kichwa, ukiwatazama kutoka mlangoni, hawana tofauti. Kanuni ya idara za dharura ni kwamba usingizi wa mtu aliyeumia uhesabiwe ni wa jeraha mpaka vipimo vikatae. Pombe iwe maelezo ya mwisho. Kuchoma kidole kupima sukari kunachukua dakika moja, na kumeokoa wengi walioitwa walevi.

Dawa yenyewe si ya ajabu. Ni jamii ya diazepamu, ambayo inashika upande ule ule wa kamba uliokuwa umeshikwa na pombe, halafu inaachia taratibu, siku kwa siku. Hospitali zenye utaratibu huu hutumia karatasi ya alama yenye vipengele 10, inaitwa CIWA-Ar: mtetemeko, jasho, kichefuchefu, wasiwasi, kuona visivyopo na kadhalika. Nesi anapita kila baada ya masaa machache, anajumlisha, na dawa inaongezwa au kupunguzwa kwa alama. Kwa mgonjwa wa kawaida inafaa sana. Kwa aliyeumia ina kasoro: vipengele vingi vinahitaji mgonjwa ajibu maswali, na aliyepasuka kichwa au aliyeko kwenye mashine ya kupumulia hawezi kujibu. Isitoshe moyo kwenda mbio kunaweza kuwa ni maumivu, au damu imepungua. Na diazepamu ikikutana na mofini ya maumivu inaweza kumzimisha mtu pumzi. Ni dawa inayotaka macho karibu, na macho ndiyo yanayopungua wodini usiku.

Kuna nyingine ya bei ndogo mno, vitamini B1. Mnywaji wa kudumu hula kidogo na utumbo wake haufyonzi vizuri, hivyo akiba yake ya B1 iko chini. Ndugu nao wanapenda dripu; mgonjwa asipowekewa dripu wanaona hajatibiwa. Ikining'inizwa dripu ya glukosi kwa mtu ambaye B1 imemwishia, mwili unatumia kile kidogo kilichobaki kuchoma ile sukari, na ubongo unaweza kuumia: macho yanacheza au kukwama, miguu haishiki, akili inapotea, na kumbukumbu inaweza isirudi tena. Daktari Mjerumani, Karl Wernicke, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1881, na wawili kati ya wagonjwa wake watatu wa kwanza walikuwa walevi. Ndiyo maana B1 hutolewa kwa sindano, kabla ya glukosi au pamoja nayo. Ila sukari ikiwa imeshuka kweli, haisubirishwi.

Na pombe yenyewe je, si ingekuwa rahisi kumrudishia kidogo? Ndugu wengi hufikiri hivyo, na chupa ya maji yenye kitu kisicho maji imeshaingia wodini mara nyingi tu. Hata mabingwa waliwahi kufanya hivyo. Tarehe 10 Juni 1935, mjini Akron, Marekani, mtu aitwaye Bill Wilson alimpa bia daktari wa upasuaji, Bob Smith, ili mikono yake itulie akafanye operesheni. Ikawa ndiyo pombe ya mwisho ya daktari huyo, na siku hiyo inahesabiwa kuwa kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, kundi la walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Kwetu tungesema alizimua. Shida ya kuzimua wodini ni kwamba hakuna anayejua nguvu ya kilichomo chupani, mgonjwa anatakiwa tumbo liwe tupu kabla ya nusukaputi, na daktari anapanga dozi za diazepamu bila kujua kuna mwenzake anayetibu kwa chupa chini ya kitanda.

Turudi kwenye swali lililokosekana. Kwa nini haliulizwi? Wakati mwingine huulizwa, ila kwa namna ambayo jibu lake linajulikana. Sikiliza:

"Mama, baba huwa anakunywa?"

"Anakunywa kidogo tu, sista. Za sikukuu."

Mke hadanganyi kwa ubaya. Yuko mbele ya watu, shemeji yake amesimama pembeni, na kuna suala la polisi. Tanzania aliyeumia kwenye ajali ana fomu ya polisi, PF3, katika faili lake, na kila mtu anajua karatasi hiyo inaweza kufika mahakamani. Ukikiri pombe unaona kama umeshajihukumu. Wamarekani walikwama hapohapo kwa njia yao. Mwaka 1947 walitengeneza mfano wa sheria ya bima ulioruhusu kampuni kukataa kulipia jeraha la mtu aliyelewa, na majimbo mengi yakaufuata. Matokeo yake madaktari wengi wakaacha kupima pombe: usipoandika, mgonjwa analipiwa na hospitali inalipwa. Chama kile kile cha wasimamizi wa bima kilichoutunga kiliuondoa mwaka 2001, ingawa majimbo kadhaa yalibaki nao. Kwa zaidi ya miaka 50 hospitali zilikuwa na faida ya kutojua.

Na walichokuwa hawataki kukijua hakikuwa kidogo. Utafiti wa Baltimore uliochapishwa mwaka 1997 uliwahoji wagonjwa 1,118 wa kituo cha majeruhi kwa undani, si kwa kuwanusa, ukakuta karibu robo yao ni tegemezi wa pombe wakati ule ule. Kila kitanda cha nne. Kwetu, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, watafiti waliwapima majeruhi wanapofika na kukuta karibu 3 kati ya 10 wana pombe mwilini, pamoja na kwamba wengi hufika baada ya kupitia vituo vingine.

Moshi ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa sababu pombe pale haina sura moja. Kuna bia, kuna gongo, na kuna mbege ya ndizi na ulezi inayonywewa kwenye kata, kile kibuyu cha kunywea, ambayo bila hiyo posa haiendi wala matanga hayaishi. Maswali ya kupima ulevi yanayotumika duniani, AUDIT, ni maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani yenye alama 0 mpaka 40, na alama 8 huanza kutia shaka. Yanauliza umekunywa "vipimo" vingapi, kipimo kikiwa gramu 10 za pombe halisi. Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ni karibu vipimo viwili, hesabu imekwisha. Kata ya mbege ni vingapi? Inategemea ukubwa wa kata, na imelala siku ngapi. Gongo ndiyo kabisa. Maswali hayo yalitafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa kwa wagonjwa walioumia kichwa pale pale KCMC, pamoja na seti fupi ya maswali manne iitwayo CAGE. Swali la nne la CAGE linauliza kama umewahi kunywa kitu cha kwanza asubuhi ili kutuliza mwili au kuondoa uchovu wa jana. Swali lao ni mstari mzima. Kiswahili kina neno moja tu, na ningekuwa nesi wa mapokezi ningeuliza hivyo hivyo: "Mzee, huwa unazimua?" Anayezimua kila siku ameshajibu nusu ya dodoso.

Akishajulikana, afanyiwe nini? Hapa ndipo habari njema na mbaya zinapochanganywa. Mjini Seattle, utafiti wa Larry Gentilello na wenzake wa mwaka 1999 uliwapa majeruhi mazungumzo mafupi kuhusu unywaji wao wakiwa bado kitandani. Baada ya mwaka waliozungumzwa nao walikuwa wamepunguza karibu vinywaji 22 kwa wiki, wenzao kama 7, na waliorudi na majeraha mapya walipungua karibu nusu. Chama cha madaktari wa upasuaji Marekani kikaona na kuamua vituo vikubwa vya majeruhi lazima viwe na utaratibu wa kuchunguza pombe na kuzungumza. KCMC nao wakatengeneza wao, Punguza Pombe Kwa Afya Yako: nesi, Kiswahili, kitandani, bila kufoka, na baadaye ujumbe mfupi wa simu wa kumkumbusha mtu alichojiahidi.

Wazo lenyewe lina akili. Mtu aliyelala na mguu umening'inia anajua kilichomleta, huhitaji kumhubiria. Unamuuliza tu yeye mwenyewe anaonaje.

Ila ukisoma matokeo ya Seattle kwa makini, waliofaidika zaidi ni wale wenye tatizo la wastani. Yaani yule wa kundi la pili, wa wikiendi. Mwaka 2007 watafiti wa Boston walijaribu mazungumzo mafupi kwa wagonjwa waliolazwa wodi za kawaida, ambao 77 kati ya 100 walikuwa tegemezi hasa, na hayakubadilisha kitu. Hilo halishangazi ukikumbuka kamba. Maneno ya dakika 20 hayawaondoi wavutaji waliojipanga kwa miaka 15. Kumwambia tegemezi "punguza" na kumwachia hapo ni kumpa karatasi ya dawa bila dawa. Na kumwambia "acha leo leo" halafu kumruhusu aende nyumbani bila kitu ni kumrudisha Jumanne usiku, safari hii akiwa mbali na hospitali.

Dawa za kusaidia mtu asirudie zipo. Naltreksoni na akamprosati ziliingizwa mwaka 2023 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini kwa majeruhi kuna fundo jingine: naltreksoni huzuia mofini na ndugu zake zisifanye kazi, kwa hiyo mtu mwenye paja lililopigwa chuma jana hawezi kupewa leo bila kumwacha alie na maumivu. Inabidi isubiri mpaka aachane na dawa hizo za maumivu. Tramadoli, ambayo wodi zetu zinaitegemea sana, nayo inasogeza karibu degedege kwa mtu ambaye tayari yuko kwenye arosto ya pombe. Kila dawa ya mguu inabidi iulize ya kichwa kwanza, na kinyume chake.

Yule bwana alipona. Daktari aliyepita Jumatano asubuhi alitazama vidole vilivyokuwa bado vinachuma, akamvuta mkewe kando ya dirisha, wakaongea kwa sauti ya chini, na mchana huo sindano zikabadilika. Upasuaji ukasogezwa wiki moja. Alipoanza kuelewa mambo alituomba radhi wote kwa usumbufu, akaniuliza kama kweli alinitukana. Nikamwambia hapana, ingawa alinitukana sana.

Mkewe ndiye aliyenieleza mengine tukisubiri maji ya moto jikoni kwa wauguzaji. Nyumbani kwao mbege inapikwa kila Jumatano na Ijumaa. Anapika yeye. Ndiyo inayolipa ada ya watoto wawili, na katika miezi hii ambayo pikipiki haitafanya kazi ndiyo itakayolipa kila kitu. Alikuwa ameshika kadi ya kliniki ya mumewe. Ilisema arudi baada ya wiki 6, apigwe picha ya mguu.

"Kwenye pombe hawajaandika kitu," akaniambia. "Sasa mimi nikishapika, nikaiuzie wapi?"